Maji Yanapita Shambani Kwetu

Asubuhi ile nilikuwa namsugua Bibi miguu kwa gunzi. Nimechuchumaa mlangoni, beseni la maji ya vuguvugu mbele yangu, yeye amekaa kwenye kigoda anaangalia ukungu unavyopanda kutoka bondeni. Nyufa za visigino vyake zimeshika udongo wa zamani, hautoki hata kwa sabuni ya mche.

"Sugua tu," akasema. "Wakinipiga picha na miguu hii watadhani nimefukuliwa."

Mama akacheka kule ndani. Alikuwa ananyoosha nguo kwa pasi ya mkaa, namsikia anavyoipuliza. Siku hiyo tulikuwa tunashuka Same kwenye sherehe ya kumbukumbu ya Mbiru, na aliyeitwa hasa ni Bibi Nakijwa. Mbiru ilikuwa kodi ya Mwingereza. Wapare waliikataa. Wanaume waliacha nyumba zao wakaenda kukaa Same wakigoma, na wanawake nao wakashuka milima kuwapelekea chakula na kumwona huyo Mzungu uso kwa uso. Bibi alikuwa mtoto wa kubebeshwa chungu cha makande. Kijiji kizima sasa amebaki yeye tu aliyeyaona yale kwa macho yake.

Ndipo pembe ikalia.

Pembe ya msaragambo, ile ya kuita kijiji kwenye kazi ya pamoja, ukiisikia huwezi kuifananisha na kitu kingine. Inatokea kilimani kwenye ndiva, inazunguka bonde, halafu inakurudia mgongoni. Mama akatoka nje na pasi mkononi.

"Leo?" akasema. "Wameita msaragambo leo?"

Ndiva ni bwawa letu. Mababu walilichimba, kijito kinalijaza usiku, asubuhi linafunguliwa maji yanashuka kwa mfereji, na kila nyumba ina zamu yake. Sheria ni moja, haijaandikwa popote na hakuna asiyeijua. Pembe ikilia, kila nyumba inatoa mtu mzima na jembe, watu wanazoa tope. Nyumba isiyotoa mtu, zamu yake inaruka, anapewa mwingine. Watoto wa shule hatuhesabiwi. Na zamu yetu ilikuwa kesho yake.

Hapo ndipo roho yetu ilipokuwa. Mvua za vuli zilikuwa zimekataa kabisa. Tangawizi yetu ilishaanza kuwa njano kwenye ncha za majani, na tangawizi ndiyo ada yangu, ndiyo dawa za presha za Bibi, ndiyo kila kitu. Baba yuko Makanya kwenye machimbo ya jasi. Akija nyumbani anakuja na vumbi jeupe masikioni na maneno ya "mwezi ujao". Tangawizi ikikosa maji juma lile, ikasubiri mzunguko mzima urudi, tutakuja kung'oa majani makavu.

"Mimi nabaki," Mama akasema. "Irine, utaenda na Bibi."

"Na mtendaji utamwambia nini?" Bibi akauliza.

Mtendaji wa kijiji, Dada Koleta, alikuwa ameshakuja nyumbani mwenyewe siku za nyuma, akasema wazi. Kina mama wa wimbo wa sherehe lazima watimie, na Mama ni mmoja wao. Halafu akamwangalia Bibi, akasema, "Na huyu akianguka kule, nani ataulizwa? Katoto haka?" Katoto ndiyo mimi. Niko kidato cha tatu lakini sijui kujibu watu, kwa hiyo kila mtu ananiona katoto.

Mama alikuwa bado amesimama na pasi pale, Mzee Gideoni akapita njiani na watu wake. Mzee Gideoni ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji. Nyuma yake alikuwepo Dorkas, jirani yetu, jembe begani.

"Shikamoo Mzee," Mama akasema.

"Marahaba. Ahaa, leo tunamsindikiza bibi harusi."

"Mzee, mbona pembe leo? Si mnajua sisi tunashuka Same?"

"Tope halijui sherehe, Mama Irine."

"Basi mimi nabaki nije kuzoa."

"Ubaki? Mtendaji akinijia kwamba nimemzuia bibi wa Mbiru, nitamwambia nini mimi?" Akacheka, akampungia Bibi mkono. "Nendeni. Hilo ni jambo la serikali. Nani atawagusa?"

"Na zamu yetu ya kesho?"

"Nimeshasema nendeni, mwanangu."

Dorkas akasema, "Nenda shoga, utuletee soda." Wakapanda zao. Mama akabaki anaangalia migongo yao mpaka walipokata kona, halafu akaenda kumwaga mkaa wa pasi.

*

Same ni joto. Ukizoea kwetu juu, ukishuka pale unajiona kama umesogezwa karibu na jiko. Uwanjani walikuwa wamefunga maturubai, na mbele kabisa kulikuwa na makochi yenye vitambaa vyeupe na maji ya chupa. Bibi alifungwa kitenge cha sare juu ya gauni lake, kina picha ya jembe na mwenge. Dada Koleta akamwambia asikichafue. Halafu akamweka pembeni, kwenye kiti cha plastiki.

Mwanzoni palikuwa na kivuli. Jua lilivyosogea, kivuli nacho kikahamia kwenye makochi. Nikamwambia Mama. Mama akamwambia Koleta. Koleta akasema, "Vumilieni kidogo, ni mambo ya protokali." Nikavua mtandio wangu nikamfunika Bibi kichwani.

Mgeni rasmi alikuwa Mhandisi Godwin. Kijijini hakuna asiyemjua, ingawa haishi kule. Babu yake alikuwa mfumwa, yaani chifu, na enzi za Mwingereza yeye na karani wake ndio waliokaa mezani kupanga nyumba ipi ilipe mbiru kiasi gani. Shamba la mfumwa liko chini ya shamba letu, mfereji ukitoka kwetu unaingia kwao. Ni kubwa sana. Mpaka leo ni lao. Limepandwa tangawizi na parachichi, na lina msimamizi mwenye pikipiki.

Nikiwa mdogo nilimuuliza Bibi Uhuru ulikuwaje. Shuleni tulikuwa tumeimba. Alinijibu huku anachambua maharage. "Uhuru ulipokuja walisema ufumwa umefutwa. Kweli, kiti walikivunja. Shamba hawakuligusa. Shamba likasomesha watoto, watoto wakaenda Dar es Salaam, wakarudi wamevaa tai." Nilipoenda kuandika hivyo kwenye jibu la historia, mwalimu alinipiga mkasi wa kosa.

Mhandisi Godwin alishika kipaza sauti. Anaongea vizuri, siyo siri, sauti nzito ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Babu yangu," akasema, "alisimama bega kwa bega na watu wake dhidi ya mkoloni."

Watu wakapiga makofi. Bibi akanivuta mkono.

"Anasema nani alisimama?"

"Babu yake."

"Alisimama wapi? Mimi nilimwona amekaa."

Mama alitaka kucheka, akajizuia kwa kukohoa. Kwenye makochi kulikuwa na mama wa Kizungu wa shirika lililogharamia mabango ya maonyesho, kuna kijana anamnong'oneza Kiingereza sikioni, naye anatikisa kichwa kwa heshima.

Zamu ya Bibi ilipokaribia, Koleta akaja kuinama mbele yake.

"Bibi, utaongea Kipare tu. Usichanganye na Kiswahili. Wageni wanapenda kilugha, kinaleta uasilia."

"Na nani atawaambia nimesema nini?"

"MC ni Mpare mwenzetu, atatafsiri. Usiwe na wasiwasi."

Tukamshika Bibi huku na huku tukampeleka mbele. MC, kijana mmoja wa koti linalong'aa, akamwekea kipaza sauti mdomoni kama anamlisha. Bibi akaongea Chasu, ndiyo Kipare chenyewe. Alisema alivyoshuka milima nyuma ya mama yake, chungu kichwani, na jinsi wanawake walivyokaa chini mbele ya ofisi ya Mzungu wakakataa kuinuka. Alisema mfumwa alikuwa ndani upande wa Mzungu, anaonekana dirishani. Akasema mfereji unaokwenda shamba la mfumwa ulichimbwa na msaragambo wa mama zetu, na tangu azaliwe hajaona mtu wa nyumba ile akizoa tope la ndiva. Halafu akasema, "Leo pembe imelia nikiwa nyumbani. Nimeiacha nikaja kwenu kwa sababu mmeniita. Naomba hapa mbele ya wakubwa, zamu yetu ya maji ya kesho isiguswe. Ni hilo tu."

Nusu ya watu pale ni Wapare, walisikia kila neno. MC alijifuta jasho, akamwangalia mgeni rasmi, akageukia umati.

"Bibi anasema anamkumbuka sana babu wa mgeni wetu rasmi, jinsi alivyokuwa na watu wake kipindi kile kigumu. Na anaishukuru serikali pamoja na Mhandisi wetu kwa maendeleo, hususan kwa upande wa maji. Makofi kwake."

Wakapiga. Hata waliosikia Chasu walipiga. Wengine walikuwa wanacheka chinichini, wengine wanaangalia viatu vyao. Yule mama wa Kizungu alinong'onezwa, akaweka mkono kifuani.

Bibi akakivuta kile kipaza sauti. Kwa Kiswahili, wazi kabisa, akasema, "Mimi sijashukuru mtu."

Muziki ukapigwa hapohapo. Ngoma na kinanda, kwa sauti ya juu. Kina mama wa wimbo wakaambiwa wainuke. Mama ilibidi aende, maana Koleta alimshika kiwiko. Wenzake walikuwa wanacheza na kuzunguka, yeye alisimama katikati na mikono imening'inia, anamwangalia MC, midomo haitikisiki.

*

Baadaye Mhandisi Godwin alikuja kupiga picha. Alimshika Bibi mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Shikamoo Bibi. Umeniliza leo."

"Ulisikia nilichosema?"

"Chasu nasikia kidogo kidogo tu, Bibi, nimekulia mjini. Lakini moyo unasikia." Mpiga picha akasema tazameni huku. Wakatazama. Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe ni nani?"

"Irine," nikaiambia ardhi.

"Unasoma?"

"Ndiyo."

"Safi sana. Shika simu hiyo, andika namba yangu. Bibi akiwa na shida yoyote, nasema yoyote, nitumie ujumbe. Mimi siyo mtu wa ofisi. Mimi ni mtoto wa kwenu."

Nikaandika kwenye simu ya Mama. Nilipoinua kichwa kusema asante, alishageuka anasalimiana na mwingine. Ningeweza kumwambia pale pale. Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni kama ugali wa moto.

Chakula kilianzia kwenye makochi. Kilipofika kwetu pilau ilikuwa imeisha, tukapewa soda, na Mama akaiweka ya kwake kwenye mkoba ampelekee Dorkas. Tukiwa tunaelekea kwenye gari, Koleta akatuwahi.

"Samahanini, vitenge virudi. Ni vya ofisi, vina matumizi mengine."

Akamfungua Bibi pale pale, mbele za watu, anamzungusha kama mtoto anayevuliwa nguo za shule. Bibi akainua mikono kumrahisishia.

"Chukua," akasema. "Na hili jua lililonipiga nalo ni la ofisi? Lichukue na lenyewe."

*

Kesho yake mapema nilipanda na Mama mpaka ndiva. Mama alibeba jembe la kugawia maji na ile soda ya Dorkas. Ndiva ilikuwa imejaa hadi ukingoni, safi, tope la jana limerundikwa pembeni bado bichi. Mzee Gideoni alikuwa amekaa juu ya jiwe la mlango wa maji. Watu kadhaa walikuwepo, Dorkas pia, na msimamizi wa shamba la Mhandisi na pikipiki yake.

"Shikamoo Mzee. Tumekuja kufungua."

"Marahaba. Leo linafunguliwa kwa Mhandisi."

Mama akadhani Mzee amekosea. "Leo ni zamu yetu."

"Imeruka. Jana hamkutoa mtu."

"Si wewe ulisema twende?"

"Nilisema nendeni. Nimekana? Nilisema nendeni, mkaenda. Sikusema zamu inabaki."

"Ulisema nani atatugusa."

"Na nani amekugusa, Mama Irine?"

Mtu mmoja akacheka. Mama akaliweka jembe chini taratibu, kama analaza mtoto.

"Mhandisi alitoa mtu jana?"

"Mhandisi alikuwa na udhuru. Alikuwa mgeni rasmi Same."

"Na sisi tulikuwa wapi, Mzee? Tulikuwa harusini? Tulikuwa naye uwanja mmoja. Sherehe moja, siku moja, pembe moja. Yeye ana udhuru, mimi sina?"

"Yeye alipiga simu kwa kamati, akaomba ruhusa kwa adabu. Na ameahidi saruji ya kuziba ule ufa wa ukuta wa ndiva. Wewe uliomba?"

"Nilikuomba wewe. Njiani. Mbele ya mlango wangu." Mama akageuka. "Dorkas, ulikuwepo. Sema."

Dorkas alikuwa anakwangua tope kwenye jembe lake kwa kijiti. Lilikuwa halina tope.

"Mimi nilikuwa nyuma, shoga. Sikusikia vizuri."

Zamu ya Dorkas ni inayofuata. Nilimwangalia nikaelewa. Kila aliyekuwa pale alikuwa na zamu ya kupoteza, na kila mmoja alikuwa anajua. Hawakuwa watu wabaya. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka sasa, maana mtu mbaya unaweza kumchukia ukapumzika.

"Wenzako jana wamezama tope mpaka magotini," Mzee Gideoni akasema, sasa kwa sauti ya kikao. "Wewe umetoka kula pilau."

"Hata hiyo pilau hatukuila," Mama akasema. Akaiweka soda ya Dorkas juu ya jiwe, akachukua jembe lake, tukashuka.

*

Mfereji unapita katikati ya shamba letu. Maji ya mwenzako yakipita kwako huyagusi, hiyo nayo ni sheria. Unaweza kuwa unakufa kwa kiu na yanapita kwenye vidole vyako vya miguu, huyagusi. Tulikaa ukingoni mimi na Mama tukayasikia yanakuja kabla hatujayaona, yanaburuta majani makavu. Yakatupita. Yalikuwa mengi. Tangawizi yetu ilikuwa imesimama pale pembeni na majani yake ya njano, hatua moja tu.

Bibi akashuka kutoka nyumbani na fimbo yake.

"Hayo ya nani?"

"Ya Mhandisi," Mama akasema. Hakuinua uso.

Bibi akatembea mpaka pale mchepuko wetu unapoanzia, pale ambapo zamu yetu ikifika tunatoa udongo maji yaingie. Akailaza fimbo kwenye majani. Akashika ukingo kwa mkono mmoja, akakunja magoti kwa shida, akakaa. Ndani ya mfereji. Gauni likavimba kama mfuko, halafu likalowa likamganda.

"Bibi," nikasema.

"Kaa kimya. Sijafungua kitu. Nimekaa tu."

Maji yakamfika mgongoni, yakasita, yakaanza kupanda. Yakatafuta pa kwenda. Kisha yakapasua ule udongo wa mchepuko na kuingia kwetu. Tuta la kwanza likanywa, unasikia kabisa linavyonyonya. La pili. Mama alisimama, mkono mdomoni. Nilidhani atamwinua Bibi. Akashika jembe akaanza kuyaelekeza, harakaharaka, anakata huku anaziba kule, na mimi nikaingia kwa mikono. Bibi alikuwa anaimba polepole kwa Chasu kitu ambacho sijawahi kumsikia akikiimba kanisani.

Haikuchukua muda, msimamizi alishapiga simu kwamba maji hayafiki kwao. Mzee Gideoni alikuja na vijana na baadhi ya watu wa kule ndiva.

"Bibi, inuka."

"Nimechoka. Jana nilikuwa Same."

"Unavunja sheria, Bibi. Usinilazimishe."

"Sheria ya msaragambo? Niletee jembe la nyumba ya mfumwa nilione lina tope. Nitainuka mwenyewe."

Mzee Gideoni akawatazama vijana. Walisita, nitawapa hilo. Halafu mmoja akaingia, akamshika Bibi chini ya kwapa, mwingine chini ya magoti, wakamnyanyua kama gunia la mahindi lililolowa. Gauni likapanda. Mapaja ya Bibi yangu yakawa nje, mbele ya watu ambao wote walishakula kwake, wengine aliwapokea yeye siku mama zao walipojifungua. Dorkas akageuka pembeni. Mama alirusha khanga ikaanguka kwenye maji.

Bibi hakupigana. Walipomweka kwenye majani alijifunika mwenyewe, taratibu, kisha akamtazama mwenyekiti.

"Gideoni," akasema. Siyo Mzee Gideoni. "Mimi nikiwa mtoto Mzungu alinikuta nimekaa chini pale Same, akanizunguka akapita. Hakunigusa. Jana uliuliza nani atatugusa. Umenigusa wewe."

Yeye akaangalia maji. Akachukua jembe letu, lile la Mama, akaziba nalo mchepuko wetu kwa udongo wetu, akaukanyaga kwa buti.

"Kwa hili," akasema, "na zamu inayofuata imeruka."

Halafu wakaondoka. Maji yakarudi njia yake.

*

Bibi amelala. Anakohoa, anasema ni baridi tu, tumemfunika mablanketi mawili na bado meno yanagongana. Matuta mawili ndiyo yaliyolowa vizuri, la tatu nusu. Mama alimpigia Baba. Nilisikia upande wake tu. "Samweli, nakuambia wamembeba. Wamembeba, Samweli." Halafu akasikiliza, akakata, akaenda kukaa jikoni bila kuwasha moto.

Nilichukua simu nione kama kuna salio la kumpigia nesi. Nikaona ile namba ya Mhandisi Godwin imeweka picha mpya. Ni ile ya Same. Amemshika Bibi mkono kwa mikono miwili, Bibi kavaa kitenge ambacho si chake. Chini ameandika: Mizizi yangu. Mashujaa wetu hawajasahaulika.

Mimi mbele ya watu siwezi kusema. Darasani mwalimu akiniita nasimama, nakaa. Lakini alisema shida yoyote, na ujumbe hauna macho ya kukutazama. Nikaandika nikiwa nimeegemea mlango wa chumba cha Bibi, namsikia anavyokohoa.

"Shikamoo. Mimi ni Irine, mjukuu wa bibi uliyepiga naye picha. Jana hakushukuru. Aliomba zamu yetu ya maji isiguswe kwa sababu mlimwita pembe ya msaragambo ikiwa inalia. Leo zamu hiyo umepewa wewe. Amekaa kwenye mfereji, wamembeba wakamtupa kwenye majani, na sasa ni mgonjwa. Tangawizi yetu inakufa na maji yanapita hapa yakija kwako. Ulisema tukiwa na shida yoyote. Shida ni hii. Na naomba kuuliza, wewe siku ya msaragambo ulikuwa wapi?"

Nikatuma kabla sijaogopa.

Tiki zikawa mbili, zikawa bluu, yaani ameusoma, hata sijaiweka simu chini. Nikasimama pale nikasubiri jibu. Nje maji yaliendelea kupita kwenda kwake mpaka jioni.